Uhakiki, Maoni na Tangazo: Historia Fupi ya Hukumu za Gemu na Istilahi Zake

Utangulizi

Kila fani mpya huingia katika jamii pamoja na maneno yake, na aghalabu maneno hayo huwa yamekwisha kuzoeleka mitaani kabla wataalamu wa istilahi hawajaketi kuyajadili. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpira wa miguu, uliotuletea goli, penalti, kona na refa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa magari, yaliyotuletea breki, gia na injini. Leo fani inayotukabili ni ile ya michezo ya elektroni inayochezwa kwenye kioo cha televisheni, cha kompyuta au cha simu. Vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huiita gemu, na katika vibanda ambamo hulipia kila pambano la mpira wa kwenye kioo, neno hilo halina mshindani.

Makala haya hayakusudii kueleza jinsi gemu zinavyoundwa. Yanakusudia kufuatilia historia ya jambo moja tu, nalo ni hukumu: kila gemu mpya inapotolewa, ni nani huitolea hukumu, kwa kipimo gani, na kwa manufaa ya nani? Swali hili linatuhusu sisi tunaoshughulikia istilahi kwa sababu, katika maandishi mengi ya Kiswahili, hukumu zote hizo huitwa kwa jina moja: maoni. Aliyecheza gemu saa arobaini na kuipima kwa makini ametoa maoni; mnunuzi aliyekasirika baada ya dakika kumi ametoa maoni; hata kampuni inayoiuza, ikisifu bidhaa yake, huambiwa imetoa maoni. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Tutajaribu kuonyesha kwamba mizigo hiyo haikuzaliwa siku moja wala haina uzito mmoja, na kwamba anayeumia inapochanganywa ni yule mwenye fedha chache.

1. Juu ya neno lenyewe

Kabla hatujaingia katika historia, yafaa tuamue tunazungumzia nini. Neno mchezo katika Kiswahili lina eneo kubwa mno. Kuna mchezo wa watoto, mchezo wa kuigiza, mchezo wa redio, mchezo wa ngumi na mchezo wa bao. Na wingi wake, michezo, hutumika pia kwa riadha na mashindano yote ya viwanjani. Mwandishi anayesema "uhakiki wa mchezo mpya" humwacha msomaji akijiuliza kama habari hiyo inahusu tamthilia iliyoonyeshwa jukwaani au pambano la Jumamosi. Twaweza kusema mchezo wa video au mchezo wa kompyuta, na istilahi hizo zinafaa katika maandishi ya kisheria na ya elimu. Lakini zikirudiwa mara ishirini katika ukurasa mmoja huchosha.

Gemu imekwisha kutoholewa kwa kufuata kanuni zetu: ina irabu mwishoni, inaingia bila taabu katika ngeli ya filamu na kompyuta, na haigongani na neno jingine. Tena ina sifa moja adimu, nayo ni kwamba wenye kuitumia waliikubali bila kushurutishwa. Tumeona katika habari ya kompyuta jinsi maneno mawili yaliyoundwa kwa ustadi, tarakilishi na ngamizi, yalivyoshindwa kuling'oa neno la mkopo katika vinywa vya watu, ingawa tarakilishi limepata makazi katika vitabu. Kwa hiyo katika makala haya tutasema gemu.

2. Hukumu ya mwenye mashine

Biashara ya gemu ilianza kushika kasi mwaka 1972. Mwaka huo kampuni ya Magnavox iliuza nchini Marekani mtambo wa nyumbani ulioitwa Odyssey, uliotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Na mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa Pong, mchezo wa kurushiana mpira kwa pao mbili, ambao mashine yake ya kwanza iliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, jimboni California. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akacheza, akaondoka.

Katika hali hiyo mchezaji hakuhitaji mhakiki. Kosa la kuchagua gemu mbaya lilimgharimu sarafu moja. Aliyehitaji ushauri alikuwa mwenye baa au mwenye ukumbi, ambaye angenunua mashine nzima. Ndiyo maana majarida ya mwanzo kuandika habari za gemu, kama Play Meter lililoanzishwa mwaka 1974, yalikuwa ya wafanyabiashara. Kipimo chao kilikuwa kimoja na hakikuwa na kigugumizi: mashine hii itaingiza sarafu ngapi kwa juma? Gemu nzuri ilikuwa gemu yenye mapato.

Hukumu ya pili ya zama hizo ilitoka nje ya biashara kabisa. Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ilitoa gemu iliyoitwa Death Race, ambamo mchezaji aliendesha gari na kuwagonga viumbe waliofanana sana na watu. Malalamiko yalifika magazetini na kwenye televisheni. Hii ni hukumu ya maadili, na tangu siku hiyo haijakoma: mwezi Desemba 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilisikiliza mashauri juu ya gemu kama Mortal Kombat na Night Trap, na mwaka uliofuata, 1994, wenye viwanda wakaunda chombo chao cha kuzipanga gemu kwa umri wa wachezaji. Kwa upande wa istilahi yatupasa tuitenge kazi hiyo na uhakiki. Chombo kinachosema kwamba gemu hii isichezwe na mtoto wa chini ya miaka kumi na saba hakisemi kama gemu ni nzuri au mbaya. Kazi yake ni uainishaji wa umri, wala si uhakiki.

3. Hukumu ya mwandishi

Hali ilibadilika pale gemu zilipoingia majumbani kwa wingi. Mtu aliyenunua kaseti ya gemu kwa dola ishirini au thelathini hakuweza kuirudisha kwa kuwa tu haikumfurahisha. Sasa kosa lilikuwa na gharama, na gharama ndiyo inayomzaa mhakiki.

Mwaka 1979 jarida la Video la Marekani lilianza kuchapisha safu iliyoitwa "Arcade Alley", iliyoandikwa na Bill Kunkel na Arnie Katz. Mwishoni mwa mwaka 1981 wawili hao, pamoja na Joyce Worley, walianzisha Electronic Games, jarida la kwanza nchini humo lililoshughulikia gemu tu kwa ajili ya wachezaji. Huko Uingereza, Novemba 1981, lilitoka toleo la kwanza la Computer and Video Games. Waandishi hao walikabiliwa na tatizo tunalolijua vizuri sisi wa istilahi: walikuwa na vitu vya kueleza na hawakuwa na maneno. Iliwapasa kueleza sehemu ya kioo inayochezewa, picha iliyopigwa kutoka kwenye kioo, na siri alizoficha mtengenezaji ndani ya gemu. Maneno mengine waliyaokota kwa wachezaji, mengine waliyaazima katika sinema na mengine waliyaunda. Hapakuwa na baraza lililowapa orodha.

Kazi yao ilipimwa upesi. Mwaka 1982 Atari ilitoa nakala ya nyumbani ya Pac-Man, gemu ya Kijapani iliyokuwa imevuma kumbini tangu mwaka 1980. Ilinunuliwa kwa mamilioni, lakini picha zake zilipepesa na sura yake haikufanana na ile watu waliyoipenda. Desemba ya mwaka huohuo ikafuata E.T., iliyotokana na filamu mashuhuri na iliyotengenezwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa majuma matano hivi ili iwahi sikukuu. Maduka yalibaki na shehena. Mwaka 1983 Atari ilizika bidhaa zake katika jaa la mji wa Alamogordo, jimboni New Mexico, na zilipofukuliwa mwezi Aprili 2014 kaseti za E.T. zilikuwamo. Soko zima la Marekani liliporomoka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema kwamba mapato yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 3 mwaka 1983 hadi kiasi cha dola milioni 100 mwaka 1985.

Wapo wanaolieleza anguko hilo kwa kisa cha gemu moja mbovu. Maelezo hayo hayatoshi, kwani mitambo ilikuwa mingi mno, watengenezaji wasiodhibitiwa walikuwa wengi, na kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeshuka bei. Hata hivyo, kwa mada yetu somo ni dhahiri. Wanunuzi walinunua kwa kutazama picha ya kwenye boksi, na picha ya boksi ni tangazo. Walipochoka kudanganywa na matangazo, hawakuiacha gemu moja, waliacha kununua gemu.

4. Vipimo na tarakimu

Uhakiki wa gemu ulipata sura yake ya tarakimu Uingereza na Japani. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Ludlow nchini Uingereza, lilianzishwa jarida la Crash kwa ajili ya wenye kompyuta za ZX Spectrum. Jarida hilo liliwatumia wanafunzi wa shule kuzicheza gemu na kutoa hukumu, kisha likatoa alama kwa asilimia kwa kila sifa: michoro, sauti, uwezekano wa kuchezeka, thamani ikilinganishwa na bei, na ile nguvu ya gemu kumfanya mtu ashindwe kuiacha.

Hapa pana mambo mawili ya kututafakarisha. La kwanza ni ile sifa ya gemu kuchezeka. Kiswahili kina njia nyepesi sana ya kuieleza. Kutokana na mzizi -chez- tunapata kitenzi chezeka, kwa kauli ya kutendeka, na kutokana nacho tunapata uchezekaji: kiasi ambacho gemu inaitika mkononi mwa mchezaji. Gemu inaweza kuwa na michoro ya kupendeza na uchezekaji duni. Kadhalika inaweza kuwa na vijiumbe vinne tu kwenye kioo cheusi na uchezekaji usio na mfano. Neno hili limezaliwa na sarufi yetu wenyewe, na mtu yeyote anayejua kwamba njia hupitika na chakula hulika atalielewa bila kamusi.

La pili ni ile nguvu ya kumfanya mtu ashindwe kuiacha gemu. Katika majarida ya miaka ya 1980 hiyo ilikuwa sifa njema, iliyopewa alama kama michoro ilivyopewa, na neno walilolitumia lilikuwa lilelile la mtu aliyetawaliwa na kilevi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa mtu kutawaliwa na gemu hata akashindwa kuyatimiza mambo mengine ya maisha. Kwa hiyo kilichokuwa sifa kimekuwa pia ugonjwa. Mfasiri atakayelitumia neno uraibu mahali pote atamsifu mtengenezaji kwa kumwuguza mteja. Twapendekeza uraibu uachiwe waganga, na mhakiki anayetaka kusema kwamba gemu inavutia kurudiwa aseme mvuto.

Huko Japani jarida lililokuja kuitwa Famitsu lilianza mwaka 1986, na utaratibu wake wa wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama hadi 10, ukawa maarufu. Gemu ya kwanza kupata alama zote 40 ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Uzuri wa utaratibu huo si tarakimu yenyewe. Uzuri wake ni kwamba msomaji aliona wahakiki wanne wakitofautiana mbele ya macho yake, kama mahakama inayochapisha pia rai ya hakimu aliyepingana na wenzake.

Tarakimu nazo zina maradhi yake. Alama zilipozoeleka zilipanda, mpaka asilimia 70 ikasomeka kuwa aibu. Jarida la Amiga Power la Uingereza, lililotoka kati ya mwaka 1991 na 1996, lilishikilia kwamba gemu ya wastani ipewe asilimia 50, kwa kuwa ndiyo maana ya wastani, na wauzaji hawakufurahi. Hoja yake ilikuwa ya kihesabu, lakini pia ilikuwa ya kilugha: kipimo ambacho nusu yake haitumiki ni neno lililopoteza maana.

5. Mkono wa mwenye tangazo

Mwaka 1988 Nintendo ilianzisha nchini Marekani jarida la Nintendo Power. Lilikuwa jarida zuri, lenye ramani na maelekezo mengi, na vijana walilipenda. Lakini mwenye jarida ndiye aliyekuwa mwenye bidhaa. Alama zilizochapishwa humo juu ya gemu za Nintendo hazikuwa uwongo, wala hazikuwa uhakiki. Muuza samaki anaweza kusema kweli kuhusu samaki wake, lakini mnunuzi anayo haki ya kujua kwamba anayesema ni muuzaji.

Pale jarida lisipokuwa mali ya kampuni, fedha za matangazo zilibaki zikiliunganisha nayo. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Jeff Gerstmann, mhakiki wa GameSpot, aliyeachishwa kazi Novemba 2007 muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kwa 10, wakati kurasa za chombo hichohicho zikiwa zimepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo. Wakati huo ilikanushwa kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Mwaka 2012 Gerstmann mwenyewe alieleza hadharani kwamba uongozi ulikuwa umetikiswa na watangazaji. Wenzake kadhaa walikuwa wamekwisha kuacha kazi, na yeye akaanzisha chombo chake mwaka 2008.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinatupa mpaka ulio wazi. Uhakiki haupimwi kwa ukali wa maneno wala kwa wingi wa kurasa. Hupimwa kwa swali moja: je, aliyeandika angeweza kusema kinyume bila kudhurika? Kama jibu ni hapana, basi hata yakiwa na lugha ya kitaalamu namna gani, maandishi hayo ni tangazo.

6. Wastani

Januari 2001 ilianzishwa huduma ya Metacritic, inayokusanya hukumu za wahakiki wengi, kuzigeuza kuwa tarakimu kati ya 0 na 100, na kutoa wastani mmoja. Si wastani wa kawaida, maana baadhi ya vyombo hupewa uzito zaidi ya vingine, na uzito huo hautangazwi. Kwa mnunuzi asiye na muda wa kusoma kurasa ishirini, huduma hiyo ni msaada. Lakini wastani uliozaliwa kumsaidia mnunuzi ulihamia upesi katika mikataba ya kazi.

Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas kwa niaba ya Bethesda. Mwezi Machi 2012 mmoja wa wakuu wake, Chris Avellone, alieleza kwamba mkataba uliahidi bakshishi iwapo wastani wa Metacritic ungefika 85. Ulikuwa 84. Alama moja, iliyotokana na mizani ambayo watengenezaji hawakuruhusiwa kuiona, ikawakosesha malipo hayo. Mtu anayedhani kwamba mijadala ya kuita kitu wastani, alama au hukumu ni ya wanaisimu wasio na kazi na azingatie kisa hiki. Hukumu ina sababu, na sababu zaweza kujibiwa. Wastani hauna sababu ndani yake. Sababu zimebaki kule ulikotoka.

Vipo vyombo vilivyoasi. Eurogamer ya Uingereza iliacha tarakimu mwezi Februari 2015, ikatumia maneno machache ya kupendekeza au kuonya, kisha mwaka 2023 ikarudi kwenye nyota tano. Kurudi huko kunaonyesha jinsi wasomaji wanavyoitaka tarakimu hata pale wanapoilaumu.

7. Sauti ya mnunuzi

Mwezi Novemba 2013 duka la mtandaoni la Steam liliwaruhusu wanunuzi waandike hukumu zao chini ya gemu waliyoinunua, wakisema tu kama wanaipendekeza au la. Hapo ndipo mzigo wa tatu ulipopata umbo kamili. Mnunuzi si mhakiki, lakini ana kitu ambacho mhakiki aghalabu hana: alilipa kwa fedha yake.

Sauti ya wengi ina nguvu mbili. Ilipotolewa The Last of Us Part II, tarehe 19 Juni 2020, wahakiki waliisifu sana, lakini ndani ya saa chache maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuiwekea alama za chini kabisa kwenye Metacritic, ingawa gemu yenyewe yahitaji saa ishirini na zaidi kuimaliza. Wengi walikuwa wakiipinga hadithi waliyosikia imevuja. Mwezi Julai mwaka huo Metacritic iliweka sharti kwamba wanunuzi wasubiri saa 36 baada ya gemu kutoka kabla ya kutoa alama.

Kisa cha pili kina sura nyingine. Mwezi Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wangelazimika kuunganisha akaunti zao na huduma yake ya PlayStation Network. Huduma hiyo haikuwa ikitolewa rasmi katika nchi nyingi, zikiwamo Tanzania na Kenya. Yaani mtu aliyekwisha kulipa angefungiwa mlango wa nyumba aliyoinunua. Katika siku chache hukumu hasi zaidi ya 200,000 zilimiminika Steam, na kampuni ikaufuta uamuzi huo. Hapa lawama ndizo zilizotetea haki.

Kwa Kiingereza visa vyote viwili huitwa kwa jina moja lenye taswira ya kudondosha mabomu. Tukitafsiri kwa shambulio, tutakuwa tumekwisha kumhukumu mlalamikaji kabla ya kumsikiliza. Istilahi njema hueleza tendo na kuiacha hukumu kwa msomaji. Twapendekeza mmiminiko wa lawama, ambao waweza kuwa wa haki au wa dhuluma, kama mvua inavyoweza kuotesha au kusomba.

8. Toleo lipi?

Kisa cha mwisho kinaonyesha jinsi hata uhakiki wa kweli unavyoweza kumpotosha mnunuzi. Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa Cyberpunk 2077 baada ya miaka mingi ya matangazo. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa gemu ya kwenye kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe. Wengi waliisifu, na wastani ukakaribia 90. Wanunuzi wenye mitambo ya zamani ya PlayStation 4 na Xbox One wakapata kitu kingine: picha zilizokwama, watu waliopotea njiani, gemu iliyojifunga yenyewe. Tarehe 17 Desemba Sony ilitangaza kuiondoa dukani mwake na kurudisha fedha, na haikuirejesha mpaka Juni 2021. Wakati huo nakala zaidi ya milioni 13 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Wahakiki hawakusema uwongo. Walihakiki toleo moja, umma ukauziwa toleo jingine. Hapa ndipo Kiswahili kinapotudai uangalifu, kwa kuwa neno toleo hutumika kwa maana tatu: nakala ya aina fulani, kile kinachotolewa, na hata kitendo cha kukitoa. Ni heri toleo libaki na maana ya aina, na kitendo cha kuitoa gemu sokoni kiitwe uzinduzi. Hivyo mhakiki ataweza kuandika sentensi ambayo ingewaokoa wengi: "Nimehakiki toleo la kompyuta peke yake, la mitambo sikupewa."

Kampuni iliendelea kuitengeneza gemu hiyo, na mabadiliko ya Septemba 2023 yaliwafanya wengi waliokuwa wakiilaani waisifu. Mabadiliko ya namna hiyo, yanayoziba kasoro baada ya mauzo, tayari yana jina katika lugha yetu tangu enzi za mafundi cherehani: kiraka. Nguo yenye kiraka huvalika, lakini aliyeuza kanzu mpya ikiwa na tundu hastahili kusifiwa kwa uzi aliouleta miaka mitatu baadaye.

Hitimisho na mapendekezo

Historia tuliyoieleza inaonyesha mfululizo. Mwanzo alihukumu mwenye mashine kwa mapato. Akafuata mwandishi kwa niaba ya mnunuzi. Tangazo likajivika vazi la mwandishi. Tarakimu ikayameza maelezo. Mwishowe mnunuzi akajisemea mwenyewe. Hakuna hatua iliyoifuta ile iliyotangulia. Zote zipo leo, zimesongamana katika kioo kimoja cha simu, na kwa hiyo haja ya majina yanayozitenga ni kubwa kuliko wakati wowote. Twapendekeza haya:

Uhakiki wa gemu: hukumu yenye sababu, ya mtu aliyeicheza gemu na asiyefungwa na muuzaji. Kila andiko moja la aina hiyo liitwe tahakiki, na mwandishi wake mhakiki.

Maoni ya wanunuzi: kauli za walioinunua, zenye sababu au zisizo nazo.

Tangazo: kauli yoyote inayotoka kwa muuzaji au iliyolipiwa naye, hata ikiandikwa na mtu mwingine.

Zuio: sharti la kutochapisha tahakiki kabla ya saa iliyowekwa na muuzaji. Neno vikwazo lisitumike hapa, maana limezoeleka katika mambo ya mataifa.

Uchezekaji, mvuto, uzinduzi, toleo, kiraka, wastani wa alama na mmiminiko wa lawama: kama yalivyoelezwa hapo juu.

Huenda msomaji akauliza kama Kiswahili kina tabia ya kuhukumu michezo, au kama tunakivalisha nguo ya kuazima. Jibu liko barazani, penye bao. Mtazamaji asiye na kete mkononi husema waziwazi kwamba fulani ameitumia nyumba yake mapema, au kwamba alikuwa na mtaji mzuri asiuone. Na wachezaji husikiliza, kwa sababu mtazamaji huyo anaujua mchezo na hakuna anayemlipa. Sifa hizo mbili ndizo zinazomfanya mhakiki.

Kijana atakayekusanya akiba ya miezi kadhaa ili anunue gemu moja anastahili kuambiwa kwa lugha yake ni nani anayezungumza naye: mhakiki, mnunuzi mwenzake, au mwenye duka. Wahariri wa kurasa za teknolojia wanaombwa wayajaribu maneno haya na watuletee hoja zao, hasa pale watakapoona kwamba mitaani kumekwisha kuzaliwa neno bora zaidi.